Lalamiko Si Pingamizi

Zuiderwarf, 24 Septemba

Hilje,

Nakuandikia barua kwa sababu simu umenifungia. Nimepiga mara kumi na moja tangu wiki iliyopita, kila mara naambiwa nambari haipatikani, na najua inapatikana kwa sababu jirani alipiga kwa simu yake ukaitika. Nikamwambia akate. Sawa, bado una hasira ya mazishi ya mama. Mimi niliandika kadi, wewe ukaona nimesahau ile herufi t isiyosikika mwishoni mwa kitenzi, ukaenda kuzichapisha upya zote bila kuniambia, nami nikazikuta mezani kanisani. Nikakutolea maneno mbele ya watu. Yalishasemwa. Leo sina habari na hayo.

Leo ni Wubbo.

Manispaa wameniletea barua ya tarehe 2 Septemba. Wanamhamisha Wubbo kuanzia tarehe 1 Novemba, wanampeleka Heidehof, kile kituo kikubwa cha matunzo cha kule mkoa wa Drenthe chenye watu mia mbili. Kutoka kwangu ni basi, treni, kisha basi tena. Ndugu yetu ana miaka arobaini na tisa na mpaka leo vifungo vya koti anafungiwa. Miaka ishirini na miwili amelala chumba kile kile, nyumba ya watu sita, dirisha linatazama kuku wake. Kila siku nikimaliza kusafisha shule nafika kwake saa kumi, tunakunywa chai, ananihesabia mayai. Anahesabu mpaka nne halafu anarudi moja. Huko Heidehof atahesabu nini?

Na sababu waliyoandika ndiyo iliyonikata maini. Walimtuma binti mmoja kutoka magharibi mwa nchi, mpole, kompyuta mapajani. Akamuuliza Wubbo, unaonaje kuishi hapa? Wubbo akamjibu, "Si mbaya sana." Basi binti kaandika: mteja mwenyewe haonyeshi kuridhika na makazi yake ya sasa. Hilje, si mbaya sana. Baba alisema hivyo hivyo siku uliyozaliwa. Huku kwetu kaskazini kuna sifa gani inayopita hiyo? Wubbo akisema "nzuri" ndipo ujue mambo yameharibika, anasema kwa adabu tu, kama alivyomwambia yule daktari aliyemng'oa jino.

Ofisini hawapokei tena mtu bila miadi, na miadi yenyewe inatolewa na roboti yao ya kuzungumza nayo kwenye kompyuta, wanaiita Roos. Nikamwandikia huyo Roos, nakunakilia nilivyoandika: mimi sikubali ndugu yangu kuhamishwa nataka kulalamika nifanye nini. Akajibu: "Pole sana, Geesje. Naelewa hili ni gumu kwako. Vuta pumzi kwanza. Unaweza kulalamika hapa. Bonyeza kitufe cha bluu." Nikabonyeza, nikaandika yote. Wamesema nitajibiwa ndani ya wiki nane. Wiki nane Wubbo atakuwa ameshaondoka zamani. Wewe ndiye uliyesoma, niambie jambo moja tu, hilo lalamiko linatosha au kuna kingine cha kufanya?

Na barua hii usinirudishie ikiwa na kalamu nyekundu.

Dada yako,
Geesje


Utrecht, 30 Septemba

Mpendwa Geesje,

Asante kwa barua. Pole kwa habari za Wubbo. Naelewa una wasiwasi.

Umefanya vizuri kulalamika. Sasa subiri jibu. Hao watu wana kazi nyingi, lakini wanasoma kila kitu. Na pengine Heidehof si pabaya. Wana bwawa la kuogelea. Wubbo anapenda maji.

Usijichoshe. Kunywa chai, pumzika. Kama kuna kitu hujaelewa, muulize Roos tena. Ametengenezwa kwa ajili ya watu wanaohitaji maelezo rahisi.

Niko mbioni, kesho naenda Denmark kwenye mkutano, nitarudi baada ya siku kumi hivi.

Hilde


Zuiderwarf, 6 Oktoba

Mpendwa Hilde,

Natumaini barua hii itakukuta ukiwa na afya njema. Ningependa kurejea suala la uamuzi wa manispaa wa tarehe 2 Septemba kuhusu makazi ya ndugu yetu Wubbo.

Baada ya tafakuri ya kina, nimeona ipo haja ya kupata ufafanuzi juu ya mambo yafuatayo: hadhi ya kisheria ya lalamiko nililowasilisha, iwapo zipo njia nyingine za kuupinga uamuzi huo, pamoja na muda wake, na iwapo tathmini iliyojengwa juu ya usemi wa kienyeji, ambao mtathmini hakuuelewa, inaweza kutenguliwa.

Nitashukuru sana kwa mchango wako wa kitaalamu.

Kwa heshima,
Geesje Boersema


Utrecht, Jumamosi 11 Oktoba

Geesje wangu,

Nimerudi jana nikakuta barua yako, nikaisoma mara tatu kabla hata ya kuvua koti. Nikuambie ukweli, nimeona aibu. Nilikujibu kama mtu anayemfukuza nzi, kumbe umelifikiria jambo hili kwa undani kuliko wanafunzi wangu wengi wa zamani.

Nisikilize kwa makini. Lalamiko si pingamizi. Lalamiko ni kusema mtumishi alikutendea vibaya, alichelewa, alikujibu kifidhuli. Watakuandikia barua ya kuomba radhi na uamuzi utabaki pale pale. Pingamizi ni kusema uamuzi wenyewe una kasoro, na hapo wanalazimika kuufungua upya na kukuita mbele ya kamati. Mdomoni yanakaribiana. Kwenye sheria hayana undugu.

Pingamizi lina muda wake, wiki sita tangu tarehe ya barua. Barua yenu ni ya tarehe 2 Septemba, kwa hiyo siku ya mwisho ni Jumanne hii, tarehe 14. Muda upo. Juu kabisa ya karatasi andika neno hilo moja, PINGAMIZI, kwa herufi kubwa. Hoja yako kubwa ni ile ya "si mbaya sana", na ni hoja safi. Mtathmini alimwuliza mtu wa kaskazini swali, akapewa sifa ya juu kabisa ya kaskazini, akaiandika kuwa manung'uniko. Huhitaji hata wakili kuieleza hiyo. Pia omba hakimu azuie uhamisho mpaka kamati itakapoamua, namna ya kuomba nimeieleza ukurasa wa tano. Mwishoni nimekuandalia rasimu ya kurasa tatu. Wewe weka saini tu, ipeleke kwa mkono, na udai muhuri wa mapokezi.

Nimefurahi sana, Geesje. Ni mara ya kwanza naona tunazungumza kama watu wazima wawili. Barua naitia sandukuni leo hii.

Hilde


Zuiderwarf, 16 Oktoba

Hilje,

Barua yako imefika leo Alhamisi. Siku ya mwisho ilikuwa juzi. Sanduku la Jumamosi linafunguliwa Jumatatu, na Jumatatu barua hazigawiwi, hilo hata wewe unalijua. Ungeinua simu ningekimbia na karatasi mkononi hata kama nimevaa aproni ya kazini. Simu ingefika Jumamosi ile ile.

Nimeipeleka hata hivyo. Saa tano asubuhi nilikuwa mapokezi, wakaipiga muhuri, wakaniambia imechelewa siku mbili, pole, na iliyochelewa haisomwi.

Sasa nikuambie kitu. Ile barua uliyoisoma mara tatu ukiwa na koti mwilini sikuiandika mimi. Mwalimu wa darasa la sita alinionyesha mashine nyingine, ya bure, ipo kwenye kompyuta za shule. Nikaiwekea maneno yangu, nikaiambia, andika kama wanavyoandika watu wa Utrecht. Sikutaka kukudanganya. Nilitaka uisome mpaka mwisho.

Swali ni lile lile. Nilikuuliza kama lalamiko linatosha au kuna kingine cha kufanya. Nilipouliza kwa mkono wangu ulinijibu ninywe chai. Mashine ilipouliza ulijibu kurasa tisa na "Geesje wangu" juu. Miaka yote sijawahi kuwa Geesje wako, nimekuwa Geesje wako kwa ajili ya barua ambayo si yangu.

Halafu nikarudi kwa Roos kumpima naye. Nikamuuliza kwa maneno yangu: pole, vuta pumzi, kitufe cha bluu. Nikatoka, nikaingia upya, nikamuuliza kwa maneno ya ile mashine: hapo hapo akatoa pingamizi, wiki sita, anwani ya kamati, ofisi ya wakili wa bure, namna ya kuomba zuio. Na wala hakusema pole. Wenye akili hawapewi pole, wanapewa anwani. Nimezichapisha zote mbili, nimekuwekea humu ndani uzitazame vizuri kwa hayo macho yako ya kusahihisha.

Mimi si mjinga, Hilje. Nimesafisha shule miaka thelathini na mmoja, nimemlea Wubbo, nimemzika mama. Kosa langu ni herufi moja ambayo hata mtu akiitamka haisikiki. Wewe na hiyo roboti mmenipima kwa hiyo tu.

Wubbo anaondoka baada ya siku kumi na sita.

Geesje


Utrecht, 20 Oktoba

Geesje,

Nimekufungulia simu. Nimepiga mara tisa, huitiki, na sina haki ya kulalamika.

Naandika bila kupamba. Roos namjua. Kampuni yangu ndiyo iliyomtengeneza, kwa ajili ya manispaa yenu na nyingine kumi na mbili. Wewe na mama nilikuwa nawaambia nafanya "mambo ya lugha". Mambo yenyewe ni haya. Mtu akifanya makosa mawili katika sentensi yake ya kwanza, Roos humpitisha kwenye kitu tunachokiita njia ya upole. Sentensi fupi, pole kwanza, maneno mepesi. Na kuna orodha ya maneno magumu ambayo kwenye njia hiyo hayatamkwi, kila moja limewekewa neno jepesi mahali pake. Orodha hiyo niliiandika mimi. Mstari wa arobaini na moja ni pingamizi. Badala yake niliweka lalamiko.

Nilidhani ni wema. Nchi nzima tunajisifu kwa kuandika kwa lugha ambayo kila mtu ataelewa, nami nilikuwa hodari wa kazi hiyo. Siku ya kuieleza mbele ya wakubwa nilikuja na mfano. Nilileta karatasi zako za shule, zile ulizokuwa ukinipa nikusahihishie kabla mwalimu hajaziona, mimi mdogo wako nikiwa na miaka minane na kalamu yangu nyekundu. Niliwaambia nina dada, mtu mwema, akikutana na neno gumu anaogopa na kuacha kusoma. Walinipigia makofi. Na ilikuwa uongo, Geesje. Hukuwahi kuogopa neno. Ulikuwa ukiogopa kalamu yangu.

Kuna njia moja iliyobaki. Pingamizi lililochelewa linaweza kupokelewa kama kuchelewa si kosa la mwenye nalo. Karatasi zako mbili ni mwanzo mzuri, lakini manispaa watasema roboti hubahatisha, leo hivi, kesho vile. Kitakachowaziba mdomo ni ile orodha, pamoja na maelezo ya njia ya upole, na mtu wa kusimama na kusema ndiyo, iliwekwa kusudi. Vyote ninavyo. Ila nimetia saini kwamba karatasi za kampuni hazitoki nje. Nipe wiki moja niongee na mkuu wangu, nione kama atakubali tuzitoe kwa njia halali.

Nisamehe.

Hilde


Zuiderwarf, 23 Oktoba

Hilje,

Nimekaa kwenye meza ya jikoni ya mama nikaisoma mara mbili. Nilitaka kukutukana, lakini huenda matusi ninayoyajua umeshayaweka kwenye orodha na kuyatafutia mepesi.

Hiyo wiki moja unamwomba nani? Wubbo ana siku tisa. Jana wamemletea maboksi. La kwanza ameweka buti zake, akazitoa, akaweka kuku, wakamtoa kuku. Ananiuliza kama tunaenda likizo, maana maboksi kwake ni likizo. Nimemwambia hapana Wubbo, wanataka ukakae kwingine, na mimi nazuia. Akasema haya. Ananiamini, ndilo linaloniumiza, ananiamini kabisa.

Kwa wakili wa bure nimekwenda. Amesema pingamizi lililochelewa halina miguu, na hakimu hazuii uhamisho kwa ajili ya kitu kisicho na miguu, mpaka apate ushahidi. Ushahidi uko kwenye mkoba wako.

Sijawahi kukuomba kitu tangu tuwe wadogo. Leo nakuomba. Usiongee na mkuu wako, ongea na kamati. Tuma orodha hiyo. Nakuomba kama mtu anayezama, Hilje, sina pengine pa kushika.

Simu siitiki kwa sababu nikisikia sauti yako nitalia, na kilio hakina mahali pa kuandikwa kwenye fomu zao.

Geesje


Zuiderwarf, Jumapili 2 Novemba

Hilje,

Siku kumi sijapata neno lako. Basi nikuambie ilivyokuwa.

Gari lilikuja jana saa tatu asubuhi. Koti nilimfunga mimi, vifungo vyote sita. Alitaka kwenda kuwaaga kuku, wakamwambia haraka kidogo, dereva ana safari nyingine. Akawaaga kupitia dirishani, kwa majina, wote saba. Njiani aliimba mpaka Assen. Baada ya Assen hakuimba tena.

Chumba chake ni namba mia moja na kumi na nne. Mlango unafunguka kwa kadi, na kadi anayo mhudumu. Dirisha linatazama maegesho ya magari. Alifungua kabati, akachungulia chini ya kitanda, akaniuliza mayai wanayaweka wapi.

Halafu akaja mama mmoja wa makamo, mhudumu wa zamu, na karatasi zake. Akainama mbele ya Wubbo akamuuliza taratibu, "Wubbo, unaonaje hapa kwetu?" Wubbo akanitazama. Akasimama wima, mikono ubavuni, kama baba alivyotufundisha mchungaji akija nyumbani. Akasema, "Nzuri."

Yule mama akaandika.

Nikamwambia futa hilo, tafadhali, huyu akisema nzuri maana yake ni kinyume, muulize mtu yeyote wa kwetu. Akanishika bega akaniambia, "Naelewa hili ni gumu kwako." Sentensi hiyo unajua nimeisikia wapi, na unajua nani kaiandika.

Nilipoondoka hakulia. Alikaa kitandani na koti lake, hakukubali nimvue.

Geesje


Utrecht, 4 Novemba

Geesje,

Mkuu wangu alinisikiliza vizuri sana. Alisema toleo lijalo litarekebishwa, alisema nimeonyesha moyo, alisema nisiandike chochote kwa mtu yeyote. Kisha siku kumi nikakaa kimya. Sina la kujitetea. Niliogopa kupoteza kazi, niliogopa nitaonekanaje, kila asubuhi niliiweka orodha mkobani na kila jioni niliitoa.

Barua yako imefika leo asubuhi, safari hii posta imewahi. Nilipofika pale aliposema "nzuri" nilikuwa nimesimama sebuleni, nikaitia orodha mkobani. Nilimwona kabisa, na mikono ubavuni.

Nikachukua treni. Saa nane mchana nimekabidhi kwa kamati, kwa mkono wangu na kwa muhuri, orodha yote, mistari mia mbili na kumi na sita, maelezo ya njia ya upole, na taarifa niliyotia saini kwamba ni kazi yangu na kwamba dada yangu alichelewa kwa sababu ya kazi hiyo. Kampuni nimewaandikia pia. Jibu lao najua litakavyokuwa. Nimepita mbele ya shule, nimeona ndoo yako mlangoni, nikakosa ujasiri wa kuingia.

Taarifa nimeisaini kwa jina nililobatizwa. Hilde lilikuwa jina la Utrecht, huko kaskazini hakuna anayelijua.

Najua ni siku tatu baada ya gari.

Hilje


Zuiderwarf, 12 Desemba

Hilje,

Kamati imejibu. Nimelisoma jibu mwenyewe, kurasa sita na maneno yake yote magumu, na hakuna hata moja lililonishinda. Yaliyoniangusha mwaka huu yalikuwa mepesi.

Kuchelewa si kosa langu, wameandika hivyo, na wametaja mstari wa arobaini na moja. Pingamizi limepokelewa. Kuhusu "si mbaya sana" uliona mwenyewe siku tulipoitwa mbele ya kamati, mwenyekiti ni mama wa huku huku kwetu, alipofika hapo aliinua macho akamuuliza mwanasheria wa manispaa kwao ni wapi. Uamuzi wa tarehe 2 Septemba umefutwa. Tumeshinda, Hilje. Siku ile ulipokuwa ukijibu maswali sikukutazama usoni, samahani. Nilitazama mikono yako. Ni ya mama kabisa. Nilipotaka kukusemesha ulikuwa umeshakimbilia treni.

Herufi ya chokoleti uliyotuma kwa sikukuu ya Mtakatifu Nikolasi nimeipata. Kila mtu hupewa herufi ya kwanza ya jina lake, mimi umeniletea T. Sijajua kama ni utani au ni kuomba radhi. Nimekula nusu.

Sasa lililobaki. Nyumba ilifungwa mwisho wa Novemba. Wakati kamati inasoma, vitanda vilikuwa vinatolewa. Nimekwenda kuona, dirisha la Wubbo limezibwa kwa mbao na kuku wamegawiwa watu. Kamati inasema ana haki ya kurudi mahali panapolingana na hapo, pakipatikana. Nimepiga simu kuuliza patapatikana lini. Hawajui. Wale wenzake watano kila mmoja ametupwa upande wake. Haki tunayo kwenye karatasi, nyumba hakuna.

Jana nilikwenda Heidehof kumwambia. Ndani ya basi, ndani ya treni, ndani ya basi la pili, nilikuwa nafanya mazoezi ya sentensi moja: Wubbo, tumeshinda, lakini nyumba haipo tena, hutarudi. Amepungua sana, suruali anaishika kwa mkono. Aliponiona akanikamata mkono, akaniuliza, "Tunarudi kwa kuku?"

Nikamwambia, "Pole, Wubbo. Naelewa. Usiwe na wasiwasi. Tutaona."

Nilijisikia nikiyasema. Maneno mepesi, mafupi, moja baada ya jingine, na lile gumu nimeliacha nje. Sijawahi kumfanyia hivyo maisha yangu yote. Mama alipokufa ni mimi niliyemwambia, mama amekufa, harudi. Alilia siku mbili, ya tatu akala. Daima aliweza kubeba neno lolote mradi apewe lote. Jana mimi nilimpima, nikaona haliwezi.

Akaniachia mkono. Akasimama wima, suruali ikashuka kidogo, akaweka mikono ubavuni.

"Nzuri," akasema. Aliniambia mimi, Hilje.

Njoo Jumamosi ya tarehe 20. Nitakusubiri kituoni Assen saa nne. Lete mayai manne, yawe mabichi, atayajua kama yamechemshwa. Tutamwambia pamoja, neno lenyewe kama lilivyo, na wewe ndiye utakayelisema.

Dada yako,
Geesje